Rangi za majani makavu ndani ya nyumba: anza na balbu, ukuta uwe wa mwisho

Mkungu ni mti ambao watu wa Pwani huusifia kivuli na kuulaani kwa kuchafua uwanja. Hupukutisha majani mara moja au mbili kwa mwaka, na kabla hayajaanguka majani hayo hugeuka manjano, yakaingia kwenye chungwa lililoiva, yakawa ya kutu, na ya mwisho yakafikia damu ya mzee. Kusini mwa Tanzania miombo hufanya kinyume chake: majani machanga ndiyo yanayochipua mekundu na ya shaba, kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Kwa hiyo rangi ambazo wapambaji wa Ulaya na Marekani huzihusisha na msimu wao wa majani kupukutika, sisi tunazo uani.

Tunachokosa ni maelekezo yanayotufaa. Yaliyojaa mitandaoni yameandikwa kwa nyumba ambazo mwezi Novemba giza huingia saa kumi na moja jioni, madirisha yamefungwa na mashine ya kupasha joto inanguruma. Mtu wa namna hiyo akiambiwa apake kuta zote nne rangi ya kutu, anafarijika. Mpe ushauri huohuo mkazi wa Tabata au Likoni mwenye sebule inayopigwa na jua la jioni mwezi Februari, naye atahisi amehamia ndani ya tanuri la matofali. Rangi ya ukuta wa ndani haiongezi nyuzi joto za maana, ila jicho lina hukumu yake.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kinyume na ilivyozoeleka. Tunaanza na kitu cha bei ndogo, ambacho ni balbu, tunapitia vitambaa na vyombo, na ndoo ya rangi inafunguliwa mwishoni kabisa. Wengi wakifika hapo hugundua kwamba hawaihitaji tena.

Hatua ya kwanza: usome mwanga wa chumba chako

Miongozo ya Ulaya hugawa vyumba kwa kaskazini na kusini, kwa sababu kwao jua hubaki upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu jua hupita karibu na utosi, likielemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Madirisha ya kuangalia kwa makini ni ya mashariki na magharibi.

Chumba cha mashariki hupata jua asubuhi, kisha kutwa nzima kinabaki na mwanga uliopoa wenye ubuluu wa mbingu. Hapo rangi za joto zinakaa vizuri mno, kwa sababu zinarudisha kile ambacho jua limeondoka nacho. Chumba cha magharibi ni kesi nyingine. Kuanzia saa kumi alasiri mwanga huingia ukiwa chini na wenyewe ukiwa wa rangi ya chungwa, hivyo ukuta wa chungwa unaonekana unawaka. Huko chagua upande uliotulia wa familia hii: ugoro, kahawa ya maziwa, mchanga. Chungwa na kutu viwe kwenye mto wa kochi tu.

Halafu kuna chumba ambacho hakipati jua kabisa, kwa sababu kina baraza pana mbele yake au kinatazamana na ukuta wa jirani. Hiki kinataka haradali na manjano ya samli. Kahawia nzito itakifanya pango. Angalia pia ukuta wa jirani una rangi gani. Ukiwa wa kijani au bluu na jua likaupiga, rangi hiyo hurushwa ndani kwako, na ule ukuta wa krimu ulioulipia unaonekana una ukungu wa kijani. Watu humlaumu fundi kwa jambo lililo nje ya dirisha.

Simama katikati ya chumba saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Andika chumba kinatumika zaidi saa ngapi. Sebule ya watu wanaotoka alfajiri na kurudi saa mbili usiku inapaswa kuchaguliwa kwa mwanga wa taa, si wa jua.

Suala la hali ya hewa halihitaji maelezo marefu. Aliyeko Njombe, Lushoto, Limuru, Bukavu au Mbeya, ambako mwezi Julai watu hukaa na sweta ndani, anaweza kuzitumia rangi hizi kwa ujasiri, hata kuta nne. Aliyeko Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam azitumie kama pilipili. Ukienda Mji Mkongwe au Lamu utaona wenyeji walishalimaliza jambo hili zamani: kuta za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa nyeupe, na joto la macho linatoka kwenye boriti za mikoko darini, milango ya mbao, mikeka na vitanda. Kila unapositasita, rudia picha hiyo.

Hatua ya pili: badilisha balbu kabla ya kununua chochote

Balbu nyingi za LED zinazouzwa madukani kwetu ni nyeupe kali. Kwenye boksi utaona zimeandikwa 6500K. Herufi K ni ya Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga, na hapa namba ikipanda mwanga unazidi kuwa wa kibuluu. Chini ya mwanga wa 6500K rangi ya kutu huwa kama tope, haradali inaingia ukijani, na damu ya mzee inakaribia weusi. Unaweza kutumia pesa nyingi kwa mapazia ya rangi hizi na usizione hata usiku mmoja.

Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K. Muuzaji anaweza kuiita "njano" au "wamu". Kama boksi linaonyesha pia kipimo cha CRI au Ra, chagua 90 ukiipata, 80 ikiwa ndiyo iliyopo. Kipimo hicho kinaeleza jinsi balbu inavyozionyesha rangi kwa uaminifu. Usichanganye balbu nyeupe na ya njano katika chumba kimoja, maana jicho litaiona ile ya njano kuwa chafu.

Kuta zenye rangi iliyokolea humeza mwanga, kwa hiyo balbu moja ya dari haitoshi sebule ya mita 4 kwa 5. Weka mbili darini, na moja au mbili pembeni kwenye taa ya mezani au ya kusimama, kila moja wati 7 hadi 9. Taa ya pembeni iliyo usawa wa bega la mtu aliyekaa ndiyo inayozipa rangi hizi uhai. Na kama dari yako ya jipsamu ina ile mistari ya taa za bluu na zambarau, izime, au ubadilishe mstari uweke wa njano. Sijapata kuona haradali iliyonusurika mbele ya taa ya bluu.

Kaa na balbu mpya wiki nzima kabla ya kuendelea. Ukuta wa krimu ambao ulikuwa unauchukia unaweza kuwa umeshapona.

Hatua ya tatu: hesabu rangi ulizonazo tayari

Hakuna anayeanza na chumba kitupu. Sakafu, kochi, milango na dari vina rangi, na kuvibadilisha ni ghali. Hivyo ndivyo vinavyoamua.

Milango na kabati za mninga zina wekundu wa kahawia ndani yake. Mtiki una udhahabu. Zote ni ndugu wa familia hii na hazina mgogoro. Kochi kubwa la ngozi ya kahawia, ambalo limeenea kuanzia Kigoma hadi Nakuru, ni rangi ya jani kavu tayari, na ni kosa kuliongezea ukuta wa kahawia nyuma yake, kwa sababu litapotea. Lipe krimu nyuma na haradali juu yake.

Sakafu ya saruji nyekundu ya nyumba za zamani, ile inayosuguliwa kwa nta, ni hazina. Kama unayo, usiifunike kwa marumaru. Kazi ya chumba imeshafanyika nusu. Wenye marumaru nyeupe za kung'aa wanahitaji mkeka au zulia la kukata ule weupe, angalau chini ya meza ya kahawa. Marumaru za kijivu ndizo zenye taabu. Kijivu ni baridi na haradali karibu yake huonekana ya bei rahisi. Tumia rangi nzito zaidi, kama damu ya mzee na kahawa iliyokolea, na utafute zulia lenye kijivu na kutu kwa pamoja ili vitu hivyo viwili vizoeane.

Hatua ya nne: chagua rangi tatu na ukomee hapo

Okota majani ya mkungu matatu au manne, yaliyo katika hatua tofauti za kugeuka, uyapange mezani siku hiyohiyo, maana baada ya siku chache yote yatakuwa kahawia. Jani moja lina rangi zote unazohitaji, na zimeshapangwa kwa uwiano: sehemu kubwa imetulia, mshipa unakoza, doa moja linawaka. Wapambaji huuandika uwiano huo kwa namba: 60, 30 na 10. Asilimia 60 ni rangi ya msingi, 30 ni ya kati, 10 ni ya kuchokoza jicho.

Kwa chumba cha Pwani ningeweka krimu au nyeupe ya chokaa kwenye 60, ugoro na mbao kwenye 30, na kutu kwenye 10. Kwa nyumba ya nyanda za juu 60 inaweza kuwa rangi ya udongo iliyopauka, 30 krimu, na 10 damu ya mzee. Ongeza kidogo kijani cha majani mazito, hata kwa mmea mmoja kwenye chungu, kwa sababu nyekundu na manjano tupu bila kijani huchosha. Nyeusi nayo ina kazi yake, ila kwa vipande vyembamba tu: fimbo ya pazia, fremu ya picha, kinyago cha mpingo.

Baadhi ya maduka ya rangi ya mjini yana mashine ya kuchanganya, na machache yana kifaa cha kusoma rangi ya kitu unachopeleka. Jani la mkungu lililogeuka rangi lakini halijakauka, au kipande cha kitenge, kinaweza kusomwa hivyo. Ukikosa kifaa, linganisha na kadi ya rangi ukiwa nje ya duka, mchana, kivulini.

Hatua ya tano: vitambaa

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi kubwa, na ndipo mpangaji asiyeruhusiwa kugusa ukuta anapopata uhuru wake wote.

Pazia ndilo kitambaa kikubwa kuliko vyote chumbani. Fimbo iwekwe sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha na ipite kila upande kwa kadiri hiyohiyo, kisha pazia lishuke hadi sakafuni. Kitambaa kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa fimbo. Fimbo ya mita 2, basi, inataka mita 4 hadi 5 za upana. Pazia linaloishia chini kidogo ya dirisha hufanya hata rangi nzuri ionekane imebanwa. Dirisha la magharibi linahitaji bitana, vinginevyo baada ya misimu michache upande wa jua utakuwa umepauka na mikunjo imebaki na rangi yake ya zamani, mistari mitupu. Kwenye joto, weka shela (pazia jepesi linalopitisha mwanga) nyeupe au krimu ndani na pazia zito la kutu pembeni, ambalo mchana linabaki wazi.

Masoko ya mitumba ni mahali pazuri pa kupata mapazia ya rangi hizi, kwa kuwa huko yalikotoka hununuliwa kwa msimu na kutupwa kwa msimu. Gikomba ya Nairobi na Mchikichini ya Ilala unaweza kukuta pazia zito la haradali lenye bitana tayari. Lifungue lote juani ulikague kabla ya kulipa. Lililopauka utalijua kwa kulinganisha pindo la ndani na la nje.

Mito ya kochi ya sentimita 45 kwa 45 iwe minne au mitano kwa kochi la watu watatu, na isifanane yote: miwili ya rangi moja isiyo na maua, mmoja wa kitenge au batiki, mmoja wa kitambaa chenye mkwaruzo kama jinzi nzito au sufu. Rangi za joto bila tofauti ya mguso huonekana kama sare.

Anayependa kazi ya mikono anaweza kupaka rangi pamba nyeupe kwa maganda makavu ya vitunguu maji. Pima maganda uzito sawa na kitambaa. Kitambaa kichemshwe kwanza kwenye maji yenye shabu, kama gramu 15 kwa kila gramu 100 za kitambaa. Maganda yachemshwe peke yake saa nzima, yachujwe, kisha kitambaa kikae ndani ya supu hiyo ikiwa kwenye moto mdogo saa nyingine. Kitatoka dhahabu hadi chungwa, kulingana na maganda. Usitumie binzari kwa kazi ya kudumu. Inapendeza siku ya kwanza lakini jua huila upesi sana.

Hatua ya sita: vitu vya mikono

Hapa Afrika Mashariki imebarikiwa, tena kwa vitu ambavyo rangi yake ni ya asili. Mbugu ya Buganda, kitambaa kinachopondwa kutoka gome la mti wa mutuba na ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005, ina kahawia ya udongo ambayo kiwanda hakiwezi kuiiga. Kipande kimoja kwenye fremu kinatosha ukuta. Kisiwe juani, na vumbi lake hupanguswa tu. Imigongo ya Rwanda, mbao zenye michoro iliyoumuka ya pembepembe, hupakwa nyekundu ya udongo, nyeusi na nyeupe, kwa hiyo inakuletea kutu na utulivu wake kwa mkupuo mmoja. Vyungu vya Wakisi, vinavyouzwa Matema kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ni vya rangi ya krimu na nyekundu. Mkeka wa ukindu na zulia la mkonge hufanya kazi ya ugoro kwa bei nafuu kuliko kapeti yoyote.

Chagua vikubwa vichache. Rafu yenye vidude kumi na viwili vya rangi ya chungwa ni duka la zawadi.

Hatua ya saba: ukuta, kama bado unautaka

Kwanza amua ni ukuta upi. Ule wa nyuma ya televisheni ndio unaobeba rangi nzito kwa urahisi, kwa sababu hupunguza mwako kuzunguka kioo. Ukuta wenye dirisha haufai: mwanga unaotoka dirishani hufanya ukuta wake mwenyewe uonekane mweusi.

Njia ninayoipendelea kuliko zote, hasa kwenye nyumba yenye watoto, ni ya kupaka sehemu ya chini tu, mita 1 hadi 1.2 kutoka sakafuni, kwa rangi ya udongo, na juu ubaki krimu. Zahanati na shule zetu zimefanya hivi miaka yote kwa rangi ya mafuta, ingawa wao walichagua bluu. Alama za mikono zinafichika, chumba kinapata joto pale mtu anapokaa, na hewa ya juu inabaki nyepesi.

Kuhusu aina ya rangi kuna siri ndogo ya kikemia. Manjano ya udongo, kutu na nyekundu ya tofali kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi za chuma, ambazo hufunika ukuta vizuri na haziogopi jua. Michoro ya miamba ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, mingi ni ya nyekundu ya namna hiyo, na bado inaonekana. Manjano kali na chungwa la kuwaka hutokana na rangi za aina nyingine, hufunika kwa shida na nyingi hupauka. Ukisikia fundi anasema ukuta "unakula rangi", mara nyingi ni hizo. Chagua iliyotulia, utaokoa hata makopo.

Paka kwanza kipande cha jipsamu au boksi gumu, nusu mita kwa nusu mita, mikono miwili (yaani tabaka mbili za rangi), ukiacha ukingo mweupe. Kiegemeze ukutani, kihamishe kila upande, ukiangalie katika zile nyakati nne za hatua ya kwanza. Kumbuka rangi ya maji hukoza ikikauka, na rangi iliyoonekana ya wastani kwenye kadi hukoza zaidi ikizunguka chumba. Ukibaki kati ya mbili, chukua iliyopauka.

Hesabu yake ni hii. Sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kuta za mita 2.8 ina mzunguko wa mita 18, sawa na mita za mraba 50 na kidogo. Toa mlango na madirisha mawili, inabaki 45 hivi. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliolainishwa, hivyo mikono miwili inataka lita 9. Ukuta mmoja wa mita 4 ni mita za mraba 11.2; kwa rangi iliyokolea panga mikono mitatu, na galoni ya lita 4 inatosha. Soma kopo uone kama imeandikwa haina risasi, hasa kwa rangi ya mafuta.

Plasta mpya ipumzike wiki nne. Ukuta wenye chumvi nyeupe inayotokeza, jambo la kawaida Pwani, ukwanguliwe na chanzo cha unyevu kitafutwe kwanza, kwani rangi nzito huonyesha chumvi kuliko krimu. Kisha fundi askimu (asawazishe ukuta kwa tabaka jembamba), apige msasa, afute vumbi, na aweke praima, yaani rangi ya kutangulia, iliyotiwa rangi kidogo ielekee ile ya mwisho. Makopo yote yamwagwe kwenye ndoo moja na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza, maana makopo mawili ya namba moja yanaweza kupishana kidogo. Kona na kingo hupakwa kwa brashi, katikati kwa rola, na ukuta umalizwe wote bila kupumzika katikati, la sivyo mshono utaonekana. Subiri saa nne kati ya mkono na mkono. Wakati wa masika Pwani, subiri kesho yake. Tepu ya karatasi iliyobandikwa kulinda kingo ivutwe rangi ikiwa bado haijashika kabisa.

Rangi isiyong'aa ndiyo inayopendeza zaidi kwa udongo na kutu, lakini hushika alama. Silki, yaani yenye mng'ao kidogo, husafishika, ila hufichua kila kasoro ya plasta. Sebuleni kwenye watoto chukua silki chini na isiyong'aa juu.

Iliyobaki itie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, uandike juu yake namba ya mchanganyiko, jina la duka, chumba na tarehe. Kwa doa dogo tumia sponji, si brashi. Ukuta wa magharibi ukishapita mwaka mmoja au miwili kiraka kitaonekana hata ukitumia rangi ileile, kwa hiyo huo upakwe upya kutoka kona hadi kona.